Mjadala: Hadithi za polisi na mahakama zinawatendea haki watumishi wa umma?

Karani mstaafu, Ipogolo (Iringa): Kamwene. Jumamosi nilikaa kibanda umiza na wajukuu, tukitazama filamu ya Kimarekani. Askari kamtupia mkuu wake beji, kavunja mlango usiku bila hati, kampiga mtuhumiwa mpaka kasema. Ukumbi mzima ukashangilia. Mimi nimebeba majalada ya mahakama miaka 19, nikashindwa kupiga makofi. Kwa nini kwenye hadithi hizi anayefuata utaratibu ni mla rushwa au zezeta? Nasema zinatufundisha kudharau utaratibu. Nipingeni.

Mwanjelwa, Mbeya: Shikamoo mzee. Filamu haikunifundisha kitu. Mjomba wangu alikaa mahabusu miezi 14. Karandinga linakuja, tunasimama juani, anapandishwa kizimbani, tunaambiwa "upelelezi haujakamilika", tarehe nyingine. Tukienda kuuliza, njoo kesho. Ukishaisikia sentensi hiyo mara 20, na wewe utamtamani huyo mvunja mlango.

Karani mstaafu: Marahaba mwanangu, na pole. Ila jiulize, mvunja mlango akifika kwenu usiku ule, anakuja kumtoa mjomba au kumchukua?

Mwalimu wa Kiswahili, Mafinga: Tusiwasingizie Wamarekani peke yao. Tazameni riwaya zetu za upelelezi: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla si askari, ni raia mwenye akili zake. Joram Kiango wa Ben Mtobwa anajitegemea. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mtu wa serikali, sawa, lakini simkumbuki akirejesha masurufu ya safari! Faraji Katalambulla ndiye aliyempa kesi inspekta wa polisi, mwaka 1965. Wasomaji tulimpenda, halafu tukawakimbilia wenye bastola na wanawake. Soko ni sisi.

Iringa mjini: Mwalimu kasema kweli, lakini mnahangaika na riwaya wakati kesi kubwa ziko hapa hapa. Krismasi ya 1971, Isimani, mkulima Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Kleruu, akaupakia mwili kwenye gari, akaendesha mwenyewe mpaka polisi. Nani kaua? Swali hilo halikuwepo. Kazi yote ilibaki kwa mawakili na jaji, na ilikuwa nzito kuliko kufukuzana kokote.

Halafu Nyololo, Mufindi. Mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa Septemba 2, 2012. Askari aliyeshtakiwa alihukumiwa Julai 2016, miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Karibu miaka minne! Mtunzi gani atavumilia? Na angalieni: aliyefungwa ni mtumishi wa umma, waliomfunga nao ni watumishi wa umma. Filamu ingetaka tuchague upande mmoja.

Mwanafunzi wa sheria, Uyole: Naongeza dogo. Ndugu zetu wanakuja mahakamani wakitafuta wale watu 12 wa kwenye filamu. Kwetu hakuna juri. Kesi ya mauaji inaamuliwa na jaji. Hata wazee wa baraza, raia wanaomshauri jaji, wakikaa naye, maoni yao hayamfungi. Wakili mwenye hotuba ya kutoa machozi ataambiwa arudi kwenye ushahidi.

Karani mstaafu: Ahaa, hapo ndipo ninapotaka. Kesi zinaangukia kwenye kielelezo ambacho haijulikani kilipita mikononi mwa nani kabla ya kufika mahakamani. Mtu mmoja hakusaini daftari, basi. Ukimpiga mtuhumiwa akasema, wakili wa utetezi atayapinga maneno hayo na huenda yakatupwa. Yule shujaa wa Jumamosi angeniharibia jalada lote.

Tukuyu: Mzee, daftari halinogi kwenye skrini. Tusilaumiane.

Karani mstaafu: Linanoga likikosa saini. Muulize aliyewahi kushindwa kesi.

Mwanjelwa, Mbeya: Mzee umenikamata kwenye swali la mlango, nakubali, angekuja kumchukua. Nimalizie ya mjomba. Alitoka siku ya Alhamisi. Wakili wa serikali alisimama akasema Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri. Hata dakika tano hazikufika. Mama alikuwa bado anatafuta pa kukaa. Kwa hiyo kuna mtu, ofisi fulani, alilifungua jalada, akalisoma, akaona hakuna kesi, akaandika. Sijawahi kumwona kwenye filamu yoyote. Wewe uliyekuwa ndani, huwa ni nani huyo, na kwa nini ilimchukua miezi 14?