Sheli ya zamani Uyole: wanapima maji kwenye mabomba, niwaamini?

Mama Gesti
Habari wadau. Nina gesti ndogo Uyole, upande wa barabara ya Tukuyu. Jirani palikuwa na sheli, ikafungwa, matenki ya chini yakang'olewa na shimo likafukiwa. Baadaye wakaja vijana na mashine ya kuchimba, wakaacha mabomba manne ya plastiki yenye vifuniko vya kufuli: mawili ndani ya uzio, moja kwenye ukuta wangu, moja kule chini penye bustani za mboga. Huja, huteremsha kamba, huchota maji kwenye vichupa, hao wanaondoka. Mwezi wa tatu nikauliza, kijana akanijibu, "Mama, hakuna mafuta, maji safi." Kisima changu kirefu kipo hatua kama sitini kutoka pale na wageni wanakitumia. Maji hayanuki chochote. Niamini?

Kijana wa Mwanjelwa
Chemsha tu mama, mbona watu wanakunywa ya mtoni.

Mchota Sampuli
Mama, shikamoo. Huyo wa kuchemsha asikupoteze. Moto unaua vijidudu, hauui petroli. Ukichemsha, mvuke wake unaupumua mwenyewe jikoni.

Kazi hiyo nimeifanya miaka kadhaa, sasa nipo Iringa. Mabomba yale yana nyufa nyembamba zinazoanzia juu kidogo ya usawa wa maji, makusudi, ili mafuta yanayoelea yaweze kuingia. Ile kamba ina kifaa mwishoni: kikigusa mafuta kinalia mfululizo, kikigusa maji kinalia kwa kukatakata. Na mabomba matatu yasiyo kwenye mstari mmoja, yakishapimwa kimo cha maji, yanaonyesha maji ya chini yanaelekea wapi. Hilo ndilo la kuwauliza kwanza. Hatua sitini upande yanakotoka maji, lala usingizi. Upande yanakokwenda, hapana. Tena pampu yako ikivuta kutwa nzima inaweza kuyageuza yaje kwako.

Sasa huo mwezi wa tatu. Mvua zetu zinaanza Novemba mpaka Aprili au zaidi. Maji ya chini yakipanda, mafuta yananaswa kwenye udongo, na lile tabaka linaloelea hupungua ndani ya bomba au hupotea kabisa. Yakishuka kiangazi, linajitokeza tena. Kupima mwezi wa tatu peke yake ni kuhesabu ng'ombe zizini saa sita mchana. Waambie warudi Oktoba.

Halafu "hakuna mafuta" maana yake kifaa hakikulia, basi. Benzeni, kemikali iliyomo kwenye petroli ambayo husababisha saratani ya damu, huyeyuka ndani ya maji na huioni. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita, lakini pua huanza kuisikia ikifika kama 10. Mara elfu! Kwa hiyo kutonuka si ushahidi.

Mama Gesti
Marahaba mwanangu. Umenitia woga lakini nimeelewa. Nikitaka kupima cha kwangu mwenyewe?

Mchota Sampuli
Usichukue maji ya simtanki, yakishakaa humo benzeni imeruka. Chota kwenye bomba linalotoka kisimani, baada ya kuacha pampu iende kidogo. Chupa ni za kioo, mililita 40, zijae pomoni. Ukizigeuza usione hata povu moja. Omba maabara wakupe zenye tone la asidi, weka kwenye barafu, zipimwe ndani ya siku 14 tangu uchote. Kama fundi kagusa bomba kwa gundi karibuni, subiri, gundi ile nayo inaharibu majibu.

Afisa Mstaafu
Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya, ila uliza kwanza kama wanapima benzeni, usije ukalipia vijidudu na chumvi tu. Ripoti ya yale mabomba iombe kwa barua kupitia NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa taifa, nakala ofisi ya bonde la maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inamtaka aliyechafua ndiye alipe, kwa hiyo gharama zako tunza risiti.

Mama Gesti
Shida pampu yangu naendesha kwa jenereta ya petroli.

Mchota Sampuli
Isogeze mbali, upande upepo unakoelekea. Na anayejaza mafuta asiwe ndiye anayeshika chupa.