Masalio ya viwandani kwa kazi za mikono: nichukue nini?

Mshonaji: Habari wadau. Nashona wanasesere wa vitambaa. Nimepata wanaouza masalio kwa mafungu, bei ya kutupa: zipu, vifungo visivyofanana, sumaku ndogo, vichupa vya maabara. Natamani vyote, ila nafasi ni finyu. Nianze na vipi?

Fundi Zipu: Zipu, bila kusita! Urefu usikutishe. Zile za nailoni unazifupisha mwenyewe: piga mishono kadhaa ya kukazana juu ya meno, pale unapotaka iishie, kisha kata chini yake kidogo. Za chuma ni kazi zaidi, maana meno unayang'oa kwa koleo. Kabla ya kununua, vuta kishikizo mpaka mwisho na kurudi. Kikikwama, iache hapohapo.

Mama Shanga: Dada, sumaku usizitie kwenye wanasesere, nakusihi. Zile ndogo zenye nguvu, za neodimi, mtoto akimeza mbili zinavutana ndani ya tumbo na kuweza kuutoboa utumbo. Zinafaa kushikia pini na sindano mezani, mbali na watoto. Na usizibandike kwa gundi ya moto, kwani nyingi hupungua nguvu zikizidi nyuzi 80 hivi.

Vichupa chukua vipya tu, vilivyotumika huwezi kujua vilibeba nini. Mimi nahifadhia shanga humo, naziona rangi zote bila kufungua kimoja.

Mshonaji: Asanteni sana. Sumaku sizigusi. Vifungo je, vinashonwaje visibanduke?

Mama Shanga: Kwa wanasesere wa watoto wadogo, usitumie vifungo kuwa macho, mtoto anaweza kuving'oa na kuvimeza; macho yadarizi kwa uzi.