Usemi halisi kwenda usemi wa taarifa kwa Kingereza, kijana wa P7 amekwama

mama_malaba
Habari zenu wandugu. Kijana wangu yuko P7, darasa la saba, na mwaka huu anafanya PLE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi hapa Uganda, sasa kila akipewa zoezi la kubadilisha maneno ya mtu anakosa. Juzi walipewa hii: "I will visit you tomorrow," Okello said to Akinyi. Yeye akaandika "Okello told Akinyi that he will visit her tomorrow", ikapigwa X nyekundu. Mimi nikisoma naona iko sawa kabisa, si hata sisi tunasema Okello alimwambia Akinyi kwamba atamtembelea? Baba yake ni dereva wa lori yuko njia ya Mombasa, hapa nyumbani hakuna wa kuuliza. Kosa liko wapi jamani?

ticha_arua
Mama pole, na hapo kwa "atamtembelea" ndipo penyewe. Kiswahili hakihamishi wakati. Mtu akisema "naumwa", kesho yake nikikupa habari nasema "alisema anaumwa", ile -na- inabaki palepale, na Luganda pia ni vilevile. Kingereza kinataka ukishaandika "said" au "told" kitendo kinachofuata nacho kirudi nyuma hatua moja. Kwa hiyo "am" inakuwa "was", "will" inakuwa "would", "can" inakuwa "could", "have eaten" inakuwa "had eaten" na hata "ate" inakuwa "had eaten", lakini "had eaten" haina pa kurudi tena inabaki. Maneno ya siku nayo yanahama, "tomorrow" ni "the next day", "yesterday" ni "the previous day". Jibu lake lingekuwa: Okello told Akinyi that he would visit her the next day. Mwambie hongera kwa "told", wengi hapo wanabakiza "said to", na viwakilishi "he" na "her" amevipata vyote.

kijana_wa_bombo
Ticha samahani, mbona redioni nasikia watu wanaojua Kingereza wanasema "he said he will come"? Au nao wanakosea?

ticha_arua
Hawakosei ndugu. Kama jambo bado halijapita, amesema leo na hiyo kesho yenyewe haijafika, Kingereza kinaruhusu "will" ibaki. Hata ukweli wa siku zote hauguswi, "The teacher said that the sun rises in the east" ni sawa. Na ukianza na "says" badala ya "said" wakati haubadiliki. Ila kwa ile sentensi ya Okello hatujui ilisemwa lini, na kwa mtihani mtoto afuate kanuni, arudishe nyuma.

dada_busia
Mama Malaba mwangalie sana kwa maswali, mimi ndiko nilikokuwa napoteza maksi. "Where do you live?" watoto wanaandika "He asked me where do I live", kumbe swali likishasimuliwa si swali tena, "do" inaondoka, alama ya kuuliza inaondoka, inabaki "He asked me where I lived". Likiwa swali la ndiyo au hapana unaweka "if" au "whether". Amri ndiyo rahisi kabisa, "Don't touch the pot" inakuwa "She told him not to touch the pot", basi.

mama_malaba
Asanteni sana wapendwa, jana usiku tumekaa na taa mpaka saa nne. Nikampa la kwangu la sokoni, "Do you sell charcoal?" the woman asked me, kwanza akaandika "if do I sell", nikamsomea maneno ya dada hapo juu, akafuta mwenyewe akaandika "The woman asked me if I sold charcoal". Nimefurahi mpaka nikampigia baba yake huko njiani. Sasa amekwama kwa "must", hiyo inarudi wapi?

ticha_arua
"Had to" mama. "I must go" inakuwa "He said that he had to go". Na akileta lingine liandike hapahapa.