Re: Mama, magoti na kile kipandio cha shambani

Ndugu zangu, habari za jioni. Mama yangu amekuja kutoka Tanga, yuko nasi hapa Amersham, Uingereza, hadi Septemba. Amezoea kutembea, kukaa ndani kunamchosha. Nyuma ya nyumba kuna njia ya miguu inayokata mashamba, lakini ukienda kidogo tu unakuta uzio wenye kipandio, zile mbao mbili za kukanyaga uvuke upande wa pili. Moja imeoza. Jumapili alijaribu, goti likagoma, akarudi kimya hadi nyumbani. Nimwambie nani? Au nichukue nyundo nitengeneze mwenyewe?

— Kaka wa Amersham

*

Kaka, pole sana, na mama mpelekee shikamoo yangu. Nyundo iache kwanza. Kipandio ni mali ya mwenye shamba, na Sheria ya Barabara ya 1980, kifungu cha 146, inamtaka akiweke katika hali salama. Halmashauri nayo inatakiwa kumrudishia walau robo ya gharama. Kwa hiyo ripoti halmashauri ya Buckinghamshire, kitengo cha njia za umma. Tuma picha ya ule ubao uliooza na uoneshe mahali penyewe kwenye ramani yao.

Usiishie kwenye kuomba ubao mpya. Omba geti. Geti haliwekwi bila mwenye shamba kukubali, ila wengi hukubali wakijua hawatabeba kazi peke yao. Kama hapo hakuna mifugo tena, omba pawe wazi tu: mwanya ndio bora kuliko vyote, halafu geti, na kipandio ndiyo chaguo la mwisho.

Mimi hutoka na watu wa kujitolea wa Chiltern Society, chama cha hisani kinachotunza njia za vilima vya huku, kilichoanza mwaka 1965. Wengi ni wastaafu, na wanachapa kazi kwelikweli. Ardhi ya huku ni chokaa iliyojaa mawe ya gumegume. Unapiga mtaimbo, cheche zinaruka, shimo limeongezeka kina cha kidole. Shimo moja laweza kula asubuhi nzima. Nguzo ikisimama, mmoja anashika pimamaji, wengine wanashindilia udongo tabaka kwa tabaka. Hapo hatuna haraka, maana nguzo ikilala kidogo tu, geti halijifungi, na ng'ombe wakitoka barabarani lawama ni yetu. Bawaba hufungwa kwa namna ambayo uzito wa geti wenyewe unalirudisha. Tunalifungua, tunaliachia, tunasikiliza komeo liingie. Tunarudia mara nyingi.

Geti la kwanza nililoshiriki, kabla hatujakusanya mabeleshi alipita mzee mmoja na fimbo yake. Alilisukuma kwa kiwiko, akapita, akasimama upande wa pili akiangalia bonde. Mpaka leo nikipita pale namkumbuka.

— Dada wa High Wycombe

*

Dada, samahani kuingilia. Mdogo wangu bado anasubiri jibu la maombi yake ya hifadhi ya ukimbizi, haruhusiwi kufanya kazi. Hii anaweza?

— Mama wa Luton

*

Anaweza. Kujitolea kwenye chama cha hisani kunaruhusiwa hata kwa anayesubiri, mradi iwe kujitolea kweli, bila malipo. Nauli na chakula wanaweza kumrudishia. Aje na buti ngumu na koti la mvua. Vifaa na glavu vipo. Na mwambie ukweli: mara ya kwanza mgongo utauma.

— Dada wa High Wycombe

*

Ahsante sana dada. Nimetuma ripoti na picha mbili leo mchana. Nimemsomea mama ujumbe wako wote, anauliza kama huyo wa kushika pimamaji huwa amesimama au amekaa.

— Kaka wa Amersham

*

Anaweza kukaa. Nitaleta kiti.

— Dada wa High Wycombe