Naombeni ushauri: nasahau sana kazini, haya mazoezi ya ubongo ya kwenye simu yanasaidia?

KaraniWaStoo (saa 8:41 usiku)
Wadau, hamjambo. Niko Kisumu, karani wa stoo kwa duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Miezi mitatu sasa kichwa hakishiki kitu. Naambiwa "mifuko sitini ya simiti, Ahero", nikifika kwa kompyuta nimebaki na sitini tu, Ahero imeyeyuka. Jumanne lori la Ahero nimelituma Awasi. Dereva ananipigia akiwa amesimama kando ya shamba la miwa, ananiuliza nyumba inayojengwa iko wapi. Bosi amenipa barua ya onyo. Nimeona programu fulani ya mazoezi ya ubongo: unakariri vigae vinavyowaka, dakika 20 kwa siku. Inaongeza umakini kweli?

MamaOmena (saa 11:05 alfajiri)
Mwanangu, mimi sikusoma, lakini saa hii naelekea Dunga na madeni ya wateja wote yako kichwani. Nani alichukua gorogoro mbili, nani bado ya mwezi jana. Ukianza kuandika ndiyo unasahau. Kula samaki na kichwa chake.

MwalimuMstaafu (saa 1:30 asubuhi)
Ni hizo simu. Nimefundisha Mumias miaka 31, mtoto alikuwa anakujibu 12 mara 12 kabla hujamaliza kuuliza. Leo mtu mzima anauliza simu yake 7 mara 8. Majina ya wajukuu nayachanganya, ndiyo, lakini wako wengi.

Takwimu (saa 4:10 asubuhi)
Nijibu kilichoulizwa. Mwaka 2010 Adrian Owen na wenzake huko Uingereza walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya watu zaidi ya 11,000 waliofanya mazoezi ya namna hiyo wiki 6. Walipata uhodari kwenye michezo waliyocheza, na uhodari ukabaki hapo hapo. Yaani utakuwa bingwa wa vigae na simiti bado itaenda Awasi. Mwaka 2016 wenye Lumosity, programu ya mazoezi ya ubongo kama hiyo yako, walikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza kesi ya matangazo ya kupotosha kule Marekani. Nunua daftari.

KaraniWaStoo (saa 9:12 usiku)
Asanteni. Lakini hii ni tofauti, inaongeza ugumu kadiri unavyoweza. Nimefika ngazi ya 14. Daftari siwezi, bosi akiona naandika kila neno atajua siko sawa.

NesiWaZamu (saa 9:20 usiku)
Mimi niko zamu, nina sababu. Wewe jana umeandika saa nane usiku, leo saa tisa. Unalala saa ngapi?

KaraniWaStoo (saa 9:24 usiku)
Usingizi si shida, nimezoea.

NesiWaZamu (saa 9:25 usiku)
Sijauliza kama umezoea.

KaraniWaStoo (saa 9:47 usiku)
Sawa. Nalala saa kumi, naamka kumi na mbili. Usiku nafanya kazi ya mtandaoni, nasikiliza rekodi za Wamarekani na kuandika wanachosema. Mdogo wangu yuko chuo na mzee wetu alituacha. Nilianza miezi mitatu iliyopita. Msiniambie niache, hiyo ndiyo karo. Ndiyo maana nataka kitu cha dakika 20. Halafu programu nimeshalipia ya mwaka mzima, 4,800, nilikopa kwa chama.

NesiWaZamu (saa 9:58 usiku)
Miezi mitatu unasahau, miezi mitatu hulali. Omera, ulichosikia mchana ubongo unakihifadhi ukiwa umelala, na mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Wewe unaupa mbili, halafu unazikata dakika 20 za vigae. Punguza hizo rekodi ziwe usiku tatu kwa wiki. Ukilala vizuri na bado unasahau, njoo upimwe damu na sukari.

JogooLaNyalenda (saa 2:15 asubuhi)
Nyinyi mnahurumia tangazo. Juzi kulikuwa na mhasibu wa Nakuru hapa hapa, anasahau, vigae, ngazi ya 14. Leo ni simiti. Kesho wa Bungoma atasahau kuku. Ngojeni aweke kiungo.

DadaWaMamboleo (saa 2:31 asubuhi)
Hata mimi hiyo ngazi ya 14 ilinishtua. Na yatima lazima awepo.

KaraniWaStoo (saa 7:02 mchana)
Sijataja hata jina la programu! Natangaza nini?

MjengoAhero (saa 7:40 mchana)
Subirini. Jumanne mimi nilingoja simiti Ahero mpaka saa kumi jioni. Mafundi wanne wamekaa juu ya kokoto wanakunywa chai yangu, na kutwa nikawalipa. Lori lilikuwa na turubai la kijani?

KaraniWaStoo (saa 7:44 mchana)
La kijani, limeshonwa na kamba nyekundu pembeni. Mzee wangu, nisamehe sana.

JogooLaNyalenda (saa 7:50 mchana)
Sasa ameleta na shahidi 😂

MjengoAhero (saa 7:58 mchana)
Shahidi gani, mimi nadai kutwa za watu wanne. Lakini kijana, mimi niliagiza mifuko arobaini.

KaraniWaStoo (saa 8:01 mchana)
Arobaini?

KaraniWaStoo (saa 8:03 mchana)
Ngoja niangalie.