Ada badala ya nafasi za maegesho: nilipe mimi au mwenye jengo?

Mpishi wa Pwani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Ninaishi kusini mwa California, na kwa miaka sita nimekuwa nikipika pilau na biriani za harusi katika jiko la kukodi. Sasa nimepata jengo la zamani katikati ya mji wetu, lililokuwa duka la viatu, lenye ukubwa wa futi za mraba 1,800, nalo nataka kulifanya mgahawa. Nilipokwenda idara ya mipango miji kuomba kibali cha kubadili matumizi, ofisa alinieleza kwamba duka hudaiwa nafasi moja ya maegesho kwa kila futi 300, ilhali mgahawa hudaiwa moja kwa kila futi 100. Duka la viatu lilihesabiwa kuwa na nafasi 6, ingawa nyuma ya jengo hakuna hata pa kuegemeza baiskeli. Mimi natakiwa kuwa na 18, kwa hiyo ninapungukiwa na 12. Akaongeza kwamba nikikosa pa kuzipata, mji unaruhusu nilipe ada ya dola 15,000 kwa kila nafasi, kwa mkupuo mmoja, yaani dola 180,000. Fedha hizo zinazidi gharama za jiko, meza na mtambo wa kutolea moshi zikijumlishwa. Amana ya pango nimekwisha itoa, lakini mkataba sijautia saini. Je, ada hii ni ya mpangaji au ya mwenye jengo? Na nikiilipa, nitakuwa nimenunua nini hasa?

Msanifu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linalojibu la kwanza. Ukiilipa ada hiyo hununui mahali pa kuweka gari. Hutapewa namba, kibao wala mstari wa rangi ulio wako. Unachonunua ni kuondolewa sharti. Sharti lenyewe limefungwa kwenye kiwanja na matumizi yake, si kwenye jina lako, na ndiyo maana katika miji mingi malipo hubaki na jengo hata mpangaji akihama. Ukifunga mgahawa baada ya miaka 2, atakayekuja kupika baada yako atakuta upungufu umekwisha lipiwa, na mwenye jengo atamtoza pango la mgahawa, si la duka la viatu. Mwambie hivyo bila kuona haya. Ama alipe yeye, ama mgawane, ama ulipe wewe naye akupunguzie pango mpaka sehemu yake iishe, na mkataba useme wazi kwamba pango halianzi kuhesabika kabla kibali hakijatoka.

Pamoja na hayo, usiione ada kuwa ni dhuluma tupu. Nafasi moja, ukichanganya na njia ya gari kupita, hula takriban futi za mraba 330. Nafasi 12 ni karibu futi 4,000, zaidi ya mara mbili ya mgahawa wako. Bila ada ungelazimika kununua jengo la jirani na kulibomoa ili magari yapate pa kukaa saa mbili za chakula cha jioni.

Jirani wa Pasadena

Nakubaliana na Mzee, ila kinachonisumbua mimi ni huo mkupuo. Mtaa wa kale wa Pasadena, mji ulio karibu na Los Angeles, kando ya barabara ya Colorado Boulevard, ulikuwa na tatizo hilihili: majengo yaliyosimamishwa kabla magari hayajaenea, na kila aliyetaka kuyafufua alikwama kwenye hesabu ya maegesho. Mwaka 1987 mji ukaanzisha mpango ambao anayepungukiwa na nafasi hulipa ada ndogo kila mwaka, na upungufu wake ukahesabiwa kuwa umezibwa na majengo ya maegesho ya umma. Mwaka 1993 zikawekwa mita za kulipia maegesho barabarani, dola 1 kwa saa, na mapato yakarudishwa mtaani humohumo kusafisha vichochoro na kutengeneza njia za miguu. Ukitembea pale leo huwezi kuamini kwamba mtaa ule ulikuwa umechakaa. Ada ya kila mwaka ina ubora mmoja mkubwa kwa mtu kama wewe: biashara ikifa, nayo inakoma, wakati dola 180,000 hazirudi. Andika barua uombe kulipa kwa awamu. Hata ukikataliwa, hujapoteza kitu.

Karani wa Vibali

Dada Mpishi, kabla ya kujadili nani alipe, hakikisha kwamba sharti lenyewe lipo. Tangu tarehe 1 Januari 2023, sheria ya California iitwayo AB 2097 inazuia miji kudai idadi ya chini ya maegesho kwa miradi mingi iliyo ndani ya nusu maili kutoka kituo kikuu cha usafiri wa umma, kama vile kituo cha treni au makutano ya njia za basi zinazopita mara kwa mara, na kubadili matumizi ya jengo kumo ndani yake. Hoteli hazimo, na masharti ya nafasi za watu wenye ulemavu yanabaki palepale. Majedwali ya zamani ya idadi ya nafasi bado yamelala katika kaunta nyingi, kwa hiyo uliza kwa maandishi.

Muuza Vitambaa

Mimi nililipa ada ya namna hiyo, katika mji ambao sitautaja. Mwaka wa nne huu, hakuna hata tofali la maegesho lililowekwa, na wateja wangu huzunguka mtaa mara tatu ndipo waingie, wakiwa wamenuna. Uliza kama fedha zinawekwa katika mfuko wake na zimepangiwa nini.

Mpishi wa Pwani

Asanteni sana. Nimeuliza kwa maandishi kama nilivyoshauriwa: kituo cha treni kiko zaidi ya maili moja, na basi letu hupita mara moja kwa saa, kwa hiyo sheria ile hainifikii. Lakini ofisa amenijulisha jambo ambalo hakulisema mwanzo, kwamba naweza kukodi nafasi za jirani mradi ziwe ndani ya futi 500 na makubaliano yasajiliwe. Ng'ambo ya barabara kuna ofisi ya daktari wa meno yenye nafasi 8, naye hufunga saa 11 jioni, wakati ambao mimi ndio kwanza natia wali jikoni. Akikubali, zitabaki 4, yaani dola 60,000, nazo nimemwandikia mwenye jengo tugawane nusu kwa nusu. Amesema atanijibu Jumatatu. Chakula cha mchana itabidi nikiache kwa sasa.