Mashindano ya zawadi kwa teknolojia ya kulinda wanyama, jee na sie tunaweza kuingia?

mtoto_wa_wete
Asalaam alaykum jamani. Nnasoma elektroniki hapa mjini, mie na mwenzangu tunatengeneza taa ndogo ya kufunga kwenye jarife ili kasa auone wavu kabla hajanasa. Nimesikia serikali ya Marekani inatangaza tatizo, watu wanaleta ufumbuzi, mwenye kushinda anapewa pesa. Kuna moja ina jina la Theodore Roosevelt, dola 100,000 kwa kila kundi na kundi mojawapo ni viumbe walio hatarini kutoweka. Jee na sie twaweza kuingia? Na kama haiwezekani kwa nini SMZ, serikali yetu ya Zanzibar, isianzishe ya kwetu, mana tuna kasa, kima punju, paa nunga, na vijana wenye ujuzi wapo tele hawana kazi.

bi_jozani
Waalaykum salaam mdogo wangu. Hiyo ya Roosevelt imetokana na sheria yao ya 2019, mshindani lazima awe raia au mkaazi wa kudumu wa Marekani na kampuni iwe ya kule kule, kwa hiyo hapo usipoteze muda. Iliyokuwa wazi kwa dunia nzima ni ile ya USAID, shirika la misaada la Marekani, ya kupambana na ujangili, 2016 walitangaza washindi 16 kila mmoja akapata dola 10,000 za kuanzia, lakini USAID yenyewe ndo ishafungwa mwaka 2025.
Hebu tafuta habari za Paso Pacífico, walishinda mule. Wanafanya kazi Nicaragua, wametengeneza yai bandia la kasa kwa printa ya 3D, ndani mna GPS, kifaa cha kujua kitu kiko wapi, inayotuma ujumbe kwa mtandao wa simu, unalichanganya na mayai ya kweli shimoni, mwizi akizoa anazoa na hilo. Lilipojaribiwa Costa Rica yai moja lilifuatwa mpaka kilomita 137 kutoka pwani. Mie napenda sana fikra ile.

nahodha_mkokotoni
Kijana jambo lako limenigusa wallahi. Jarife tunatega magharibi tunavuta alfajiri, kasa akinasa usiku hawezi kupanda juu kuvuta pumzi, asubuhi unamkuta uzi umemzunguka mapezi na shingo, keshakufa, na wavu umechanika pakubwa unakaa kutwa nzima unashona. Mvuvi naye hamtaki kasa kwenye wavu wake. Lakini taa yenu inatumia betri? Jarife ni refu, linataka taa nyingi, betri zikiisha nani atanunua? Na chumvi inakula kila kitu. Serikali ikiweka zawadi basi kwenye majaji wawemo wavuvi, tena kifaa kikae baharini msimu mzima wa upepo wa kusi ndo pesa itoke.

mtoto_wa_wete
Ahsante nahodha. Peru walijaribu taa za kijani kwenye nyavu, kasa walionasa wakapungua kama asilimia 64 na samaki wakapatikana vile vile. Na wako watafiti washatia taa ya sola ndani ya boya, betri za kununua hazitakiwi, sie ndo tunafata njia hiyo.

mpemba_kidike
Mie sikubaliani na yote. Popo wa Pemba alikuwa anaishia kwa kuwindwa, na hakuokolewa na kifaa chochote, vijiji vilianzisha vilabu vya kumlinda, hapa Kidike mgeni analipa kiingilio na kijiji kinafaidika. Na hao kasa, Machi 2024 Kisiwa Panza, huku huku Pemba, walifariki watu 9, karibu wote watoto, kwa kula nyama yake, Mungu awarehemu. Pale taa ya jarife ingesaidia nini? Shindano lipokee na fikra za watu wa shehia zetu, isiwe mashine peke yake.

bi_jozani
Kaka hapo nakuunga mkono. Barabara ya msitu wa Jozani kima punju walikuwa wanagongwa mno na gari, yalipowekwa matuta vifo vikapungua sana, na tuta si mashine.
Ila zawadi ya kulipwa mwisho inamfaa mwenye mtaji. Kijana wa skuli atanunua sola na nyaya kwa pesa gani mwaka mzima akingoja majaji? SMZ ikianzisha itoe kidogo kidogo kwa hatua, pesa ya kujaribia kwanza, kubwa baadae.

nahodha_mkokotoni
Kijana, hizo taa chache mlizonazo zileteni, tufunge nusu ya jarife na nusu tuache bila taa tuone. Njooni bamvua likipita, na mje na uzi wa kufungia, wa kwangu umekwisha.

mtoto_wa_wete
Inshaallah nahodha, nakutumia ujumbe sasa hivi.